Mawe ya Cooktown na Swali la Watoto

Katika sura ya nne ya kitabu cha Yoshua, Waisraeli wanaagizwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya Yordani na kuyasimamisha Gilgali. Sababu inatolewa palepale: siku watoto watakapouliza maana ya mawe yale, wazazi wawe na la kuwajibu. Tumelihubiri somo hili mara nyingi, na karibu kila mara tumelihubiri kana kwamba jibu ni moja na anayepaswa kujibu anajulikana. Lakini yako mawe duniani ambayo watu wawili wanayasimulia kwa namna mbili, na kwa muda mrefu mmoja wao alinyimwa nafasi ya kusema.

Tunafikiria mawe yaliyoko Cooktown, mji mdogo wa pwani katika kaskazini ya mbali ya jimbo la Queensland, Australia. Sisi hatujafika huko, na wengi wa wasomaji wetu hawatafika. Hata hivyo habari za pwani ile zinatuhusu kwa ukaribu kuliko tunavyodhani. Kilomita 46 hivi kutoka Cooktown upo mji wa Hope Vale. Wakazi wake ni Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi ile, na kwa zaidi ya miaka 130 kanisa la mahali pale limekuwa la Kilutheri kama letu.

Mgeni anayefika Cooktown huonyeshwa kwanza mambo ya Kapteni James Cook. Atapanda kilima cha Grassy Hill chenye mnara wa taa, ambako Cook alisimama kutafuta njia ya kupita katikati ya miamba ya matumbawe. Ataona sanamu yake. Ataingia katika jumba la makumbusho, lililokuwa nyumba ya masista wa Kikatoliki, na kuona nanga na mzinga wa merikebu ya Endeavour, vilivyotoka baharini. Kila mwezi wa Juni huwa na igizo la kutia nanga kwa merikebu ile. Kwa miaka mingi shujaa wa igizo alikuwa mmoja tu, na wenyeji walikuwa kama miti ya nyuma ya jukwaa. Siku hizi wenyeji wa kabila la Guugu Yimithirr wanashiriki na kusimulia upande wao, na kiini cha masimulizi yao ni kasa.

Mwezi Juni 1770 merikebu ya Cook iligonga mwamba na kutoboka. Aliiingiza katika mto ambao wenyeji waliuita Waalumbaal Birri, akakaa pale wiki saba akiitengeneza. Mabaharia wake walikwenda kwenye matumbawe na kurudi na kasa wengi. Tarehe 19 Julai wanaume kadhaa wa Guugu Yimithirr walipanda merikebuni, wakakuta kasa wamelundikwa, wakaomba mmoja tu. Wakakataliwa. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye jamii ya wavuvi atajua uzito wa jambo hilo. Mgeni amevua katika bahari yako bila hodi, amevua kupita haja ya siku, na unapoomba sehemu yako anakufukuza. Wakashuka pwani kwa hasira na kuchoma nyasi kuzunguka kambi ya wageni. Cook akafyatua bunduki na kumjeruhi mtu mmoja.

Damu ilikuwa imemwagika, na wazee wa kabila hilo wanaeleza kwamba sehemu ile ilikuwa mahali pa koo mbalimbali kukutana, ambapo sheria yao ilikataza kumwaga damu. Ndipo akajitokeza mzee mmoja mfupi, mkononi ana mkuki usio na ncha. Wenzake wakaegemeza mikuki yao kwenye mti. Cook, ambaye alikuwa amenyang'anya baadhi ya mikuki, akairudisha. Wakaketi. Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Cook, aliandika kwamba mzee huyo alikuwa akichukua jasho la kwapani kwa kidole na kukipitisha mdomoni. Aliliandika jambo hilo kama kioja. Wenyeji wanasema ilikuwa ibada ya kuomba utulivu na ulinzi.

Mawe ya mahali hapo leo yanaitwa Mawe ya Upatanisho. Sisi wachungaji tunalitumia neno upatanisho kila Jumapili, na tunapaswa kukubali kwamba katika habari hii aliyeanza kulitenda ni mzee asiyejulikana jina, ambaye hakuwa ameisikia Injili, na aliyetendewa ni Mkristo aliyebatizwa. Siku 18 baada ya kuondoka mtoni, tarehe 22 Agosti, Cook huyohuyo alipandisha bendera kwenye kisiwa kidogo upande wa kaskazini na kutangaza kwamba pwani yote ya mashariki ni mali ya Mfalme George wa Tatu.

Katika wiki zile saba Banks aliandika pia maneno ya lugha ya wenyeji, mojawapo likiwa jina la mnyama: kangaruu. Wengi wetu tumesikia kichekesho kwamba mzungu aliuliza jina la mnyama, mwenyeji akajibu „sijui", na jibu hilo likawa jina. Si kweli. Mwaka 1820 nahodha mwingine, Phillip King, alifika mto uleule na kuandika neno tofauti, na hapo watu wakaanza kumshuku Banks. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa lugha John Haviland alikaa Hope Vale na kujifunza kwa wazee. Gangurru ni jina la aina moja tu ya kangaruu, na neno la King lilikuwa na maana ya mnyama wa kuliwa kwa jumla. Kwa karibu karne mbili dunia ilicheka ujinga ambao haukuwapo, na waliokuwa na jibu hawakuulizwa.

Mwaka 1873 dhahabu ilipatikana katika bonde la mto Palmer, na mji wa Cooktown ukazaliwa kwa ajili yake. Wachimbaji walimiminika kwa maelfu, Wazungu na Wachina. Wenyeji walipigwa risasi na kufukuzwa kwenye maji yao, na polisi waliotumwa „kutuliza" nchi waliua bila kuhesabu. Manahodha wa majongoo ya bahari, bidhaa ambayo watu wa Mafia na Unguja wanaijua vizuri, walichukua vijana na wanawake kwa hila au kwa nguvu.

Katika hali hiyo alifika Johann Flierl, mmishenari Mlutheri kutoka Bavaria. Safari yake ilikuwa ya kwenda New Guinea. Alikwama Cooktown akingoja ruhusa. Badala ya kukaa bure alianzisha kituo mwaka 1886 katika rasi ya Bedford, akakiita Elim, jina la mahali jangwani penye chemchemi 12 na mitende 70. Yeye akaendelea na safari yake. Mwaka uliofuata alikuja kijana wa miaka 19, Georg Schwarz, ambaye alikaa zaidi ya miaka 50. Jina lake kwa Kijerumani ni „mweusi", basi watu wakalitafsiri katika lugha yao na kumwita Muni. Alijifunza lugha ile, akahubiri kwayo, na nyimbo za ibada zikaimbwa kwayo kwa tuni za Kijerumani ambazo hata sisi tunazijua.

Hapa tunaandika kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kusifu tu au kulaani tu. Wengi waliokimbilia Elim walipona, na bila misheni ile huenda lugha ya Guugu Yimithirr isingesikika leo. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba watoto walilazwa katika mabweni, mbali na wazazi waliokuwa hai, wakati mwingine wakiwaona moshi wa mioto yao kwa mbali. Chini ya sheria ya Queensland ya mwaka 1897 serikali iliwakamata watoto katika sehemu nyingine, hasa waliozaliwa na baba mgeni, na kuwaleta kwenye misheni, nasi Walutheri tukawapokea. Sherehe za kuwaingiza vijana katika utu uzima zilikoma. Noel Pearson, mwanasheria aliyekulia Hope Vale na ambaye tasnifu yake ya historia ilihusu misheni hiyo, amesema waziwazi juu ya deni lake kwa kanisa na hajaficha machungu yake. Tumejifunza kwake kwamba mtoto wa nyumba anaweza kusema yote mawili kwa kinywa kimoja.

Pigo kubwa lilikuja Mei 1942. Vita na Japani ilikuwa imekaribia, Schwarz alikuwa Mjerumani, na wakubwa wa jeshi waliogopa kwamba watu wake wangemsaidia adui. Muni, mzee wa zaidi ya miaka 70, akatiwa kizuizini. Watu zaidi ya 200 wakapakiwa kwenye malori, kisha merikebuni, kisha kwenye treni, wakapelekwa Woorabinda, zaidi ya kilomita 1,000 kusini. Walitoka pwani ya joto wakaingia nchi ya baridi, bila nguo za kutosha, bila kasa wala samaki. Makumi walifariki katika mwaka wa kwanza.

Wazee wetu waliyaonja ya vita hiyo kwa namna nyingine. Huku Tanganyika pia wamishenari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, na sharika zikabaki mikononi mwa wachungaji na wainjilisti wenyeji. Katika historia ya kanisa letu tunausimulia wakati huo kama wakati wa kukomaa. Kule Bedford waling'olewa wote, mchungaji na kundi. Walio karibu zaidi nao kwa hili ni ndugu zetu Wameru wa Engare Nanyuki, waliohamishwa na nyumba zao kuchomwa mwaka 1951.

Ruhusa ya kurudi ilitolewa mwaka 1949, na mji mpya ukajengwa mahali pengine, mbali kidogo na bahari, ukaitwa Hope Vale. Hawakurudi wote. Mwezi Desemba 1997 mahakama ya shirikisho ilitambua haki ya asili ya koo za pale juu ya nchi yao.

Tangu hapo utalii wa pwani ile umekuwa na sura nyingine. Ufuko wa Elim, ambako kituo cha kwanza kilikuwa, unajulikana kwa vilima vya mchanga wa rangi nyingi, mweupe, manjano, na mwekundu kama kutu. Ni nchi ya ukoo, na mgeni huomba ruhusa kwa wenyewe kabla ya kwenda. Katika vilima vya bara yako mapango yenye michoro ya kale, na wazee wanaowaongoza wageni ndio wanaoamua ni habari gani wamwambie mgeni na ipi ibaki kwa wenyewe. Kuna wageni wanaonung'unika kwamba wamelipa na hawakuambiwa yote. Sisi tunaona ndio uungwana wenyewe. Nyumbani kwa watu huingii chumba cha ndani kwa sababu tu umeleta zawadi.

Mgeni akisikiliza vizuri atagundua jambo jingine. Katika Guugu Yimithirr mtu hasemi kushoto na kulia. Ziko gungga, jiba, naga na guwa: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Utaambiwa usogee kidogo mashariki, au kwamba kuna mdudu kwenye mguu wako wa kaskazini. Sisi tuliozipa kaskazini na kusini majina ya pepo, kaskazi na kusi, tunaweza kulielewa jambo hili kidogo. Anayesema lugha hiyo hawezi kusahau mahali aliposimama. Tunawafikiria wazee wale Woorabinda, ambao kila sentensi iliwalazimu kujua nyumbani kuko upande gani.

Chama cha misheni kilicholeta Injili Kilimanjaro mwaka 1893, kile cha Leipzig, kilianzia Dresden, na mwaka 1838 kilikuwa kimewatuma Teichelmann na Schürmann kwenye pwani ya kusini ya Australia, kwa kabila la Wakaurna. Hawakupata waumini wengi, misheni ikafungwa, lugha ikanyamaza. Lakini waliacha kitabu cha sarufi na msamiati kilichochapwa mwaka 1840, na ni kwa kitabu hicho wajukuu wa Wakaurna wameanza kuisema tena lugha yao. Bruno Gutmann wa chama hichohicho aliandika sheria na mafundisho ya Wachaga wa Old Moshi kwa miaka mingi, na vitabu vyake viko kwa Kijerumani, katika maktaba ambazo Wachaga wengi hawatazifikia.

Mwaka jana tuliwapeleka vijana wa kipaimara kwenye kituo cha zamani cha misheni. Pale yapo makaburi ya wamishenari, yenye mawe na majina yaliyochongwa. Pembeni kuna vilima vingine vya udongo, virefu kama mtu, bila jiwe. Binti mmoja aliuliza wale ni akina nani. Tulimtazama mzee wa kanisa, naye akatutazama sisi. Baadaye alikuja bibi mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe bondeni. Akaliweka furushi chini, akaanza kuwataja, kaburi moja baada ya jingine, na vijana wakatoa daftari zao.