Ungo, Dishi na Msafara: Historia ya Istilahi Chache za Setilaiti

Kila chombo kigeni kinapoingia nchini huja na jina lake, na mara nyingi huja pia na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia fupi ya maneno yanayohusu chombo kimoja, yaani ungo mdogo wa setilaiti unaochukuliwa safarini na kusimikwa popote msafara unapopiga kambi. Mfano wetu tutautoa Heru Juu, wilayani Kasulu, kwa kuwa huko ndiko tulikotambua kwamba tafsiri yaweza kuwa sahihi kwa kila neno na bado ikampoteza msomaji.

Tulifika huko katika msafara wa kikazi, tukiwa na ungo wa kubebeka na mwongozo wake uliokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mwongozo uliagiza: elekeza ungo kusini. Tukauelekeza kusini, tukalegeza nati na kuzikaza tena mpaka jua likakaribia kuchwa, wala mawimbi hayakunaswa. Walimu waliokuja kwa miguu ili kutazama kipindi cha mafunzo walirudi makwao bila ya kukiona. Kosa halikuwa la ungo wala la fundi. Lilikuwa la tafsiri.

Ili kulielewa kosa hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1945 Arthur C. Clarke, mwandishi wa Uingereza, alieleza kwamba chombo kilichorushwa juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, kingezunguka sawasawa na dunia na kuonekana kana kwamba kimesimama mahali pamoja. Mwaka 1965 setilaiti ya kwanza ya biashara ya aina hiyo, Intelsat I, ilirushwa. Afrika Mashariki haikukaa mbali na mambo hayo. Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, nchini Kenya, kilianza kazi; na tarehe 12 Desemba mwaka huo huo setilaiti ya kuchunguza nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Nyungo za vituo vya zamani zilikuwa kubwa kama majumba. Kadiri setilaiti zilivyoongezewa nguvu, ndivyo nyungo zilivyopungua, hata leo ungo wenye upana usiofika mita moja hutosha kunasa televisheni, na mtu mmoja aweza kuubeba kwapani.

Basi, setilaiti hizo zimepangwa juu ya Ikweta. Mtu aliye London huziona upande wa kusini, tena chini angani, mbali na utosi. Heru Juu iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi nne na nusu hivi. Kwa hiyo mstari wa setilaiti hupita upande wake wa kaskazini, karibu na utosi. Kwa mfano, setilaiti iliyowekwa kwenye nyuzi 36 Mashariki huonekana kutoka huko upande wa kaskazini-mashariki, ikiwa imeinuka nyuzi 81 hivi. Mfasiri wetu alilifasiri neno vizuri, lakini hakuifasiri nchi.

Neno la pili lililotutatiza ni mwinuko. Mwongozo ulisema "weka mwinuko unaotakiwa," na kijana mmoja akauliza kama tupande kilima kingine. Swali lake lilikuwa la haki, kwani katika jiografia mwinuko ni kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Tunapendekeza iandikwe "pembe ya kuinulia ungo". Maneno ni mengi zaidi, lakini hayana utata.

Tukija kwenye jina la chombo chenyewe, wananchi wengi husema dishi, na wengine husema ungo. Wanaolikataa neno ungo hutoa hoja mbili: kwamba limo katika msemo wa kuvunja ungo, unaohusu msichana kubalehe, na kwamba katika masimulizi ya watu wachawi husafiri angani kwa ungo. Sisi hatuoni kwamba hoja hizo zinatosha. Ungo wa kupepetea ni wa mviringo na una kina kidogo, na kazi yake ni kubakiza kinachotakiwa na kuacha kisichotakiwa. Tena katika nchi zilizo karibu na Ikweta chombo hiki hulazwa nyuma, kikitazama mbinguni kama ungo wa nafaka uliowekwa juani, hali huko Ulaya husimama wima ukutani. Hata hivyo, dishi limekwisha kuenea, na si kazi yetu kulifukuza. Yatosha ungo utumike katika vitabu na miongozo.

Mfano wa king'amuzi unatutia moyo. Neno hilo, lililotokana na kitenzi ng'amua, lilienea sana wakati mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania, kuanzia Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012. Watu walilipokea kwa sababu lilieleza kazi ya chombo.

Lipo pia neno msafara. Huko Ulaya neno walilonalo kwa misafara ya wafanyabiashara limegeuka kuwa jina la nyumba ndogo inayokokotwa na gari wakati wa likizo. Kwetu msafara ni watu. Ni misafara iliyopita Buha kwenda Ujiji na kutozwa hongo, ukiwamo ule wa Stanley mwaka 1871; baadaye ni magari ya sinema yaliyozunguka vijijini. Kwa hiyo mfasiri atakayekutana na ungo wa nyumba ya kukokotwa asiuite ungo wa msafara kabla ya kujua ni nani anayesafiri.

Siku ya pili tuliacha mwongozo. Tulichagua uwanja ulio mbali na migomba, tukausawazisha mguu wa ungo kwa pimamaji, tukasimama hatua kadhaa kutoka kwenye gari ili chuma chake kisiivute dira, kisha tukauelekeza ungo kaskazini-mashariki na kuuinua taratibu. Picha ikatokea. Pimamaji, dira na nati ni maneno ambayo mafundi wetu wanayo tangu zamani. Tunawaomba wafasiri wayatafute kwanza kwa mafundi hao, na kabla ya kuchapisha mwongozo wowote, wausome mahali utakapotumika.