Kutoka Msonge hadi Mabati: Historia ya Umbo la Nyumba Meru na Embu

Kwa vizazi vingi, eneo la mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Igembe na Tigania hadi Embu na Mbeere, lilikuwa nchi ya misonge, yaani nyumba za mviringo. Ukuta wa fito ulizunguka nguzo, juu yake paa la nyasi, na ndani mafiga matatu. Moshi wa kuni ulipenya kwenye nyasi, ukazikausha na kufukuza wadudu. Ghala la nafaka nalo lilikuwa la mviringo, limeinuliwa juu ya ardhi lisifikiwe na unyevu. Huko Meru, vijana wa kivita walilala katika gaaru, msonge mkubwa uliokuwa kambi na shule yao.

Utawala wa Waingereza ulifika Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, ukaja na kodi ya nyumba. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mzee mwenye wake watatu alidaiwa kodi ya nyumba tatu. Makao ya familia yakageuka hesabu katika daftari la serikali.

Misheni zilijenga shule na makanisa yenye pembe nne. Kisha yakaja mabati, ambayo hukaa vizuri juu ya ukuta ulionyooka, pamoja na vitanda na makabati yasiyoelewana na ukuta wa mviringo. Mwenye fedha za kahawa, zao ambalo Waafrika wa Meru na Embu waliruhusiwa kulilima miaka ya 1930, alijenga nyumba ya mabati, nayo ikawa alama ya maendeleo.

Pigo kubwa lilikuja wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza. Kuanzia 1954 familia zilihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vya hali ya hatari, vilivyozungushiwa mahandaki. Misonge ilijengwa humo pia, lakini kwa safu zilizonyooka ili askari waone kila mlango. Mwaka huohuo ardhi yenyewe nayo iliguswa: Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulihimiza kuunganisha vipande vya mashamba, kuvipima na kuvisajili. Hatimiliki ilimpa mkulima usalama na njia ya kupata mkopo. Ila mara nyingi iliandikwa kwa jina la mwanamume mmoja, na haki za wanawake na za ukoo zikabaki nje ya ramani.

Sisemi turudi kwenye nyasi. Nasema ujuzi wa kujenga misonge usizikwe pamoja na wazee. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa 1974 katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, yana mfano wa boma la Kimeru, lakini jumba moja la makumbusho halitoshi. Serikali za kaunti na shule ziwaite mafundi wazee wawafundishe watoto kusimamisha msonge tangu nguzo ya kwanza hadi kilele. Nawe msomaji, ukiwa na babu au bibi anayejua kazi hiyo, muulize leo na uandike anayokwambia.