Kuchora na kubandika dhahabu nyuma ya kioo

Kuna mafundi wanaochora picha na majina ya maduka juu ya vitre, lakini si upande ule mtu anaangalia. Wanachora nyuma, na kioo chenyewe kinakinga rangi: mvua na mikono ya watu haviifikii. Kwa sababu hiyo maandishi yanageuzwa, na mpangilio wa rangi unageuka pia. Mchoraji wa ukuta anaanza na uso, anamalizia na jicho. Wa kioo anaanza na jicho, halafu uso, na mbingu inakuja mwisho kabisa. Akisahau jicho, hawezi kuliongeza juu. Anafuta na kuanza upya.

Inchini Ufaransa kazi hii inaitwa verre églomisé, kwa jina la Jean-Baptiste Glomy, mtengeneza fremu wa Paris aliyefariki mwaka 1786. Jina ni lake, ufundi hapana. Waroma wa zamani walifunga dhahabu kati ya vioo viwili, na karibu mwaka 1400 Cennino Cennini wa Italia aliandika namna ya kuibandika kwa ute wa yai na kuichora kwa sindano.

Leo wengi wanatumia jelatini kidogo ndani ya maji ya moto. Mu Ituri na Kivu dhahabu inajulikana kwa mchanga na mzani. Hii ya mafundi ni karatasi nyembamba sana, hata 1000 zikipangwa pamoja hazifiki unene wa milimetre 1. Ukiigusa na kidole inapasuka. Fundi anapitisha burashi pana kwenye shavu lake ipate mafuta kidogo ya ngozi, ndipo anainua karatasi. Ikikaribia kioo chenye maji, inarukia yenyewe. Ikikauka, anabandika ya pili juu ya kuziba matundu, anapaka rangi nyuma ya herufi tu, kisha anafuta dhahabu iliyozidi kwa pamba yenye maji. Madirisha yanafungwa wakati wote huo, maana upepo kidogo unabeba kila kitu.

Katika Afrika, Senegal ndiyo inajulikana zaidi. Kule wanaita suwer, kutoka Kifaransa sous-verre, na Gora Mbengue (1931-1988) ni mmoja wa wachoraji wake wakubwa. Mchoro wa karatasi unawekwa chini ya kioo, mistari inafuatishwa kwa wino mweusi, rangi zinafuata. Mchoro mmoja unatumika kwa vioo vingi, na kwa njia hiyo mwanafunzi anazoeza mkono kabla ya kubuni vyake.

Pale Ulaya, herufi za plastiki zinazokatwa na mashini zilichukua sehemu kubwa ya kazi ya maduka. Kufundisha kukawa mkate wa pili. David A. Smith, wa Torquay huko Uingereza, aliyetengeneza jalada la albamu ya John Mayer ya mwaka 2012, anapokea wanafunzi kutoka inchi mbalimbali.

Jambo moja mwalimu mzuri hamwachii mwanafunzi mpya: asidi ya floridriki, inayotumiwa kufifisha kioo. Inapenya ngozi mpaka kwenye mfupa, na mara ingine maumivu yanachelewa masaa mengi. Mwanafunzi huyo anapewa kipande kidogo cha kioo, jelatini, na herufi moja ya kurudia.