Jina na Ukimya katika Jiwe la Hegeso

Jiwe la kaburi la Hegeso, lililochongwa Athens mwishoni mwa karne ya 5 K.K., lilifukuliwa mwaka wa 1870 katika makaburi ya Kerameikos. Maandishi yake ya Kigiriki ni maneno mawili tu: Hegeso wa Proxenos, yaani bintiye. Mchongo, hata hivyo, unasawiri wanawake wawili: bibi aliyeketi akitazama kito ambacho rangi yake imekwisha kufutika, na kijakazi aliyesimama akimshikia kisanduku. Kijakazi hana jina. Bibi naye anatambulishwa kwa babake. Mhakiki asomaye maandishi pekee atamwona marehemu mmoja. Asomaye jiwe zima hana budi kuuliza ni nani aliyestahili kukumbukwa, na kwa jina la nani. Ukimya nao ni sehemu ya matini.