Mafunzo Kazini Rungwe: Kutoka Karakana ya Misheni hadi Shamba la Chai

Mafunzo ya kazi wilayani Rungwe yana historia ndefu, kwani wamisionari wa Kimoraviani waliofika huko mwaka 1891 waliwafundisha vijana wa Kinyakyusa useremala na ujenzi katika kazi yenyewe, mwanafunzi akiinukia kuwa fundi chini ya macho ya fundi. Zao la chai, lililojaribiwa Rungwe mwaka 1904 wakati wa utawala wa Wajerumani, lilileta ujuzi wa aina nyingine: mchumaji hulazimika kutambua majani mawili na chipukizi, kuyachuma bila kuyaponda, na kurudia kichaka kabla majani hayajakomaa, kwa kuwa ubora wa chai huanzia kwenye vidole vyake.

Miaka mingi baadaye, sheria ya Tanzania ya mwaka 1994 ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo baadaye iliendesha urasimishaji ujuzi, yaani utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, kumjazia mapengo ya maarifa na kumpa cheti. Utaratibu huo unaitambua njia ileile ya karakana za misheni, na unavipa vyuo vya ufundi nafasi pana ya kuwahudumia watu wazima walio kazini. Kwa hiyo vyuo vinavyotaka kufaa Rungwe havina budi kuwafuata wakulima na mafundi mashambani na viwandani, na kupanga masomo yao kwa kufuata msimu wa mavuno.