Kidau cha wino cha bronzi: uliza kwanza kiliingia nchini lini

Ninaishi Kitengela na ninakusanya vidau vya wino vya zamani vyenye umbo la mnyama: bundi, simba, ngamia aliyepiga magoti. Nawaandikia wasomaji wa Pwani kwa sababu kidau kinachouzwa leo Kajiado huenda kilishukia Mombasa.

Kwa kawaida kichwa cha mnyama huwa na bawaba na ndicho kifuniko. Ndani mna kikombe cha kioo au kauri cha kutilia wino. Vingi vilitengenezwa Ulaya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Vinavyosifika ni vya Vienna, hasa vya karakana ya Franz Bergmann, yenye mhuri wa herufi B ndani ya mtungi.

Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Vidau vingi vinavyoitwa bronzi ni zinki iliyopakwa rangi. Sumaku haisaidii, kwani hainasi bronzi wala zinki. Kwaruza kidogo upande wa chini: ukiona manjano au wekundu, ni madini ya jamii ya shaba, ukiona kijivu, ni zinki. Usikisugue kwa ndimu na majivu, maana rangi ya ukongwe ikitoka, thamani hushuka. Na kwa wanaoishi karibu na bahari, chumvi huila bronzi: ukiona unga wa kijani unaopukutika, kiweke mahali pakavu.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa nchini, kabla ya 1895. Kuvifanyia biashara kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, na tawi la Magadi linalopita Kajiado likafuata baadaye. Kidau kilicholetwa na mlowezi wa huku kwa kawaida hakimo. Lakini kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa Mombasa tangu 1888. Kidau cha karani wake kimo. Viwili hivyo vyaweza kufanana kama mapacha. Kinachovitenganisha ni historia tu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kidau cha babu akipime kwa kilo, waulize wazee. Andikeni kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, kilifika mwaka gani, mkipige na picha. Mimi kidau kisicho na maelezo hayo sikinunui.