Mpaka Hufungwa kwa Barua Moja

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha ikitaka mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda yazuiwe. Sababu iliyotajwa ni sumu ya aflatoksini. Malori yaliyokwisha kupakia yakakwama mpakani Namanga, madereva wakalala chini ya matela. Siku tano baadaye Wizara ya Kilimo ikalegeza: mahindi yapite, ila mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka pamoja na kingine kinachothibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Mkazi wa mji wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, ana haki ya kuisoma barua ile kwa jicho lake mwenyewe, kwa kuwa Makueni inaijua sumu hiyo kwa machungu. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Tumbo liliuma, macho yakageuka manjano, ini likashindwa kazi. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, ugonjwa huohuo ulikuwa umeshaua watu 12.

Mahindi yaliyoua mwaka 2004 hayakupita Namanga wala Taveta. Yalilimwa hapahapa, yakavunwa na unyevu, kisha yakarundikwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka, maana watu waliogopa kuibiwa chakula wakati wa njaa. Baadhi yakauzwa sokoni, na sumu ikasambaa. Si kwamba mahindi ya Tanzania hayawezi kuwa na sumu; kuvu huota popote penye joto na unyevu. Lakini mchuuzi anapochoma gunia kwa bambo, punje zikamwagika kiganjani, hawezi kuiona aflatoksini. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha sufuria ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kwa saa nyingi hakuimalizi. Inayoijua ni maabara. Kufunga mpaka kunakueleza gunia limetoka wapi tu.

Na huku kwetu gunia la nje linahitajika. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo la Ukambani, na zikikosa, ghala huwa tupu kabla ya Machi. Hapo familia huanza kununua kwa gorogoro, na kinachoamua bei ni kama malori yanaingia au la. Emali, kwenye barabara kuu ya Mombasa, ndipo inapochepuka barabara ya Loitokitok kuelekea mpaka wa Tanzania. Kwa kaunti isiyogusa mpaka wowote wa nchi, Makueni iko karibu nao mno.

Mpaka wenyewe si wa kale. Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, mstari ukakunjwa ili Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Kabla ya hapo misafara ya Wakamba ilikwisha kuwa na njia zake za pembe za ndovu hadi pwani. Kivui wa Mwendwa, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf Kitui mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara wa aina hiyo.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ilikuwa inavunjika. Nchi hazikuelewana juu ya madeni, reli na ndege. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama na Kenya ikaanzisha lake. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Tanzania ilikuwa na malalamiko ya msingi, kwamba watalii walifikia Nairobi, wakavuka kuitazama Serengeti, kisha wakarudi kutumia fedha zao Kenya. Hata hivyo aliyeumia ni mtu wa kawaida aliyekuwa na soko, shamba au shemeji ng'ambo. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, kusuluhisha ugawaji wa mali za Jumuiya. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufungwa alikuwa ameshaanza shule.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa 1999, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kazi Julai 2010. Ikaahidi watu na bidhaa wapite kwa uhuru. Lakini tarehe 16 Mei 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva akatakiwa kupimwa kwanza. Tanzania nayo ikazuia malori ya Kenya. Kati ya Rwanda na Uganda mambo yalikwenda mbali zaidi: Rwanda ilifunga kituo cha mpakani cha Gatuna Februari 2019, na hakikufunguliwa tena kwa kudumu hadi Januari 2022.

Itifaki inaruhusu nchi kuweka vizuizi kwa ajili ya usalama au afya ya umma, mradi iziarifu nchi wenzake. Ruhusa hiyo ni ya haki; hakuna serikali itakayokaa kimya maradhi yakiingia. Kasoro ni kwamba taarifa huja malori yakiwa tayari barabarani, na tarehe ya kumaliza haitajwi. Hata Ulaya, ambako sheria za eneo la Schengen zinaweka muda, Ufaransa ilirejesha ukaguzi wa mipakani Novemba 2015 na imekuwa ikiurefusha tangu wakati huo. Pasipo na tarehe kabisa hali huwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo mawaziri wa Jumuiya wakikutana Arusha, wakubaliane kwamba agizo lolote la kufunga mpaka liandikwe siku litakapokwisha, na mzigo uliokwisha kuondoka uruhusiwe kupimwa na kupita. Na serikali ya kaunti iweke vipimo vya unyevu na aflatoksini katika soko la Wote, vipime kila gunia, la Tarakea ng'ambo ya mpaka na la Kathonzweni hapa kwetu vilevile.